Kambale wa Nyuma ya Jiko

Mguu wangu wa kuume ulikuwa sebuleni, wa kushoto ulikuwa bado barazani, na maji yalinifika kiunoni. Yalikuwa maji ya mvua ya kwanza, mazito, rangi ya chai ya maziwa, yale ambayo mto huyateremsha kutoka milimani baada ya kiangazi na kuyasukuma ziwani kwa pupa, kama mwanamke anayemwaga maji ya kuroweka mihogo kabla wageni hawajafika. Sikuona hata kitovu changu. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vya miguu, navyo vilikuwa vimegusa kizingiti, ile saruji ambayo mume wangu Venant aliilainisha kwa mkono wake na ambayo mimi niliipangusa kila asubuhi tulipokuwa tukiishi pale. Nikajua niko wapi. Mbele yangu, nyuma ya mahali palipokuwa jiko, binti yangu Josée alikuwa amesimama, maji yamemfika magotini tu, kamba ya ndoano imekaza mkononi mwake. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyoka yuko begani mwake.

Chini ya miguu yake hapakuwa na ardhi.

Nawaandikia nyinyi kina mama ambao ziwa limewachukulia nyumba. Najua tuko wengi, kuanzia Kasenga hadi kule chini. Mtasema Mama Josée huyo ameanza tena, huyo anayeogopa hata maji ya kikombe. Semeni. Lakini mkimaliza kucheka, someni mpaka mwisho, kisha mwende mkaangalie viwanja vyenu.

Ziwa halikutujia kama mto. Mto huja na kelele, huja na magogo na mbuzi wa watu, unakupiga kofi na kwenda zake. Ziwa lilitujia kama mgeni mwenye adabu. Mwezi huu lilikaa chini ya migomba. Mwezi uliofuata likafika kwenye kamba ya kuanikia nguo, likangoja hapo kana kwamba linabisha hodi. Siku moja niliamka nikakuta kandambili zangu zinaelea chumbani, zimeelekea mlangoni, zote mbili pamoja. Nikamwambia Venant: hata viatu vimetangulia, sisi tunangoja nini? Aling'oa mabati, aling'oa milango, akabomoa matofali ya juu, na ya chini tukaliachia ziwa. Tukahamia Kilibula, kwenye vyumba viwili vya kupanga, mahali ambapo maji yakitaka kunifuata itabidi yapande ngazi.

Kabla hatujaondoka, maji yalipokuwa bado ya kifundo cha mguu, kulikuwa na jambo moja lililoninyima usingizi. Hapa naomba mnivumilie, maana nitataja kitu ambacho mwanamke mwenye heshima zake hakitaji. Nyuma ya jiko kulikuwa na choo cha zamani. Siyo kile kilichokuwa pembeni ya lango, ambacho wote mlikijua. Nasema kile cha kwanza, cha kuchimba, tulichokitumia nilipoolewa. Kilipojaa, Venant alikifunika. Alilaza magogo ya mkaratusi juu ya shimo, akamwaga juu yake dale, bamba la saruji, nyembamba, maana saruji ilikuwa imebaki kidogo, akaiinua mpaka kimo cha goti ili maji ya mvua yasituame. Alipomaliza niliona ni mahali pazuri pa kufulia nguo. Basi pakawa pa kufulia. Josée alizaliwa, akatambaa pale, akajifunza kufua pale, akaanika sahani pale. Hakujua kuna nini chini. Nani anamwambia mtoto kwamba shati lake la shule linafuliwa juu ya choo?

Sasa ziwa linaingia, na mimi nawaza: magogo yale yana umri mkubwa kuliko mtoto. Siku moja mtu atapita na mtumbwi wake, atashuka aukokote, atakanyaga pale. Venant akaniambia, "Ile dale niliitengeneza minye mwenyewe. Iko nguvu kuliko kanisa." Fundi wa kujenga ukimwambia saruji yake itachoka, ni kama umemtukania mama.

Mimi ni mtoto wa Kiringye, wa kule kwenye uwanda wa Ruzizi, kwa watu wa jembe. Kwetu, ukiwa na shimo ambalo hutaki kiumbe akaribie, unakata miiba na kulizungushia. Ng'ombe anaelewa, mbuzi anaelewa, mlevi pia anaelewa. Nikapanda mlimani na panga, nikakata miiba mirefu, nikaibeba kichwani mafungu kwa mafungu, shingo ikachanika. Nikachomeka vigingi kuizunguka dale, nikasokota miiba katikati yake, ukawa uzio mzuri, wa mtu aliyelelewa vizuri. Nikanawa mikono. Nikalala usingizi.

Haya ndiyo makosa yangu, na ni makosa ambayo mtu wa ziwani asingeyafanya hata akiwa amelala. Miiba inamfukuza mbuzi. Haimfukuzi samaki. Maji yalipopanda yakaufunika ule uzio, matawi yakaota utelezi wa kijani, vidudu vikaja kula utelezi, ngege wadogo wakaja kula vidudu, na kambale wakaja kula kila mtu. Kambale anapenda giza na anapenda kujificha; mle ndani alipata matawi ya kujifunika, na pembeni ya dale, mahali udongo ulipomomonyoka, alipata na chumba cha kulala. Tena ilikuwa karibu na mto, njia wanayoipitia mvua ya kwanza ikinyesha, wanapotaka kupanda kwenda kutaga kwenye nyasi za juu. Wote walisimama kwangu kwanza.

Venant alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Josée, hukujenga lupango ya miiba. Umejenga hoteli."

Huku kwetu, tangu ziwa lilipochukua viwanja, watu wamejiwekea desturi: ukivua juu ya nyumba ya mtu, samaki mmoja ni wa mwenye nyumba. Hakuna aliyeitangaza, ilizaliwa tu yenyewe, kwa aibu nadhani. Kwa hiyo nilianza kuletewa kambale. Watu niliowajua na watu nisiowajua walipanda mpaka Kilibula na samaki kwenye kamba ya mgomba: "Mama Josée, hii imetoka kwako nyuma ya jiko." Mimi niliyeweka miiba ili mtu asikanyage pale, nikawa nalishwa na wanaokanyaga pale.

Bado hilo ningelivumilia. Lakini mwaka huo alikuja kukaa nasi baba mkwe wangu, Papa Nizigama.

Alikuwa mvuvi wa Makobola maisha yake yote. Mama mkwe alipofariki, Venant alimleta kwetu na mtumbwi wake mdogo ukivutwa nyuma ya boti la mizigo. Alifika akiwa mtu aliyezimwa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango, akajibu "ee" na "hapana", akala nusu sahani. Nilijaribu muhogo, nilijaribu maharage, nilijaribu ndagala wabichi waliotoka kuvuliwa. Nusu sahani. Kisha jioni moja nilimpikia kambale wa nyuma ya jiko, na mafuta ya mawese na pilipili kidogo. Akamaliza. Akalamba vidole. Akainua macho, akauliza samaki huyo alitoka wapi.

Asubuhi yake alimwamsha Josée.

Josée alikuwa amemaliza masomo yake na diploma yake iko kwenye mfuko wa plastiki, haina kazi ya kufanya. Babu yake akamfundisha kufunga ndoano, kuchimba minyoo kwenye ufuo wenye matope, kuvizia mahali mkondo wa mto unapogeuka na kupoa. Alimfundisha kwamba kambale hadonoi kama ngege; anavuta taratibu, kama mtoto anayekuvuta kitenge kukuonyesha kitu. Watu walisema, binti anavua kama mwanaume. Papa Nizigama akawajibu, "Weye mwanaume, uko navua kama nani?" Josée akarudi nyumbani ana harufu ya ziwa na meno nje. Babu naye akarudi akisimulia. Mzee huyo aliyekuwa na maneno mawili, sasa wakati wa chakula hatukuweza kumnyamazisha. Alikuwa akisema, mkono juu ya sahani: "Nimekula samaki ya ziwa hii yote. Lakini kambale ya mukamwana! Mafuta yake haina mwenzake."

Mukamwana ndiyo mimi.

Sasa niambieni. Ungefungua mdomo wako namna gani? Kwetu mkamwana hataji choo mbele ya baba mkwe. Ukienda, unaenda kama mtu anayekwenda kuangalia kuni. Hakiitwi, hakionyeshwi kwa kidole. Tena siyo kukitaja tu, ni kumwambia kwamba kile kilichomrudisha duniani, kile anachokisifia wageni, kimenona mle. Na kila siku niliyonyamaza ikaongeza sahani moja juu ya zile nilizopaswa kuzieleza.

Nilijaribu kupita pembeni.

"Papa, kule nyuma ya jiko kuna shimo."

"Shimo ya nini?"

"Shimo tu, Papa."

"Ah! Njo maana. Kambale anapenda shimo sana." Na kesho yake akatangulia kwenda.

Nilimshika Josée peke yake, nikamwambia ile dale siyo ya kusimamia, chini yake ni wazi. Akanikumbatia. "Mama, tulifulia pale mablanketi ya nyumba nzima. Kwako kila kitu ni shimo." Na ni kweli. Nilikuwa nimemwonya juu ya viboko, juu ya radi, juu ya pikipiki, juu ya mfupa wa samaki, juu ya kulala na nywele mbichi. Nilikuwa nimelipiga tarumbeta kila siku; siku ya vita likasikika kama muziki wa Jumapili. Hili nalo lishikeni, mama zangu. Ukipiga kelele kwa kila kitu, weka neno moja pembeni ambalo hujawahi kulitumia.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, ikapiga mabati mpaka karibu na alfajiri. Nilipoamka, kigoda cha Papa kilikuwa wazi na ndoano za Josée hazikuwa kwenye msumari. Nilipanda pikipiki, mimi ninayemwambia kila mtu asipande pikipiki, nikamwambia dereva aende haraka. Mpaka sasa dereva yule anaogopa kunibeba.

Ufukweni palikuwa na watu wengi, maana wote walijua kwamba siku hiyo kambale wanapanda. Mto ulikuwa umevimba, unaingia ziwani kupitia barabara yetu ya zamani, na maji ya viwanjani yote yalikuwa yamechafuka. Jirani yangu Libérate alikuwa ameketi mbele ya kikaango chake cha mandazi, kama kawaida. Libérate ni Msabato, kambale hamli. Kwao samaki asiye na magamba ni najisi, na msimu mzima alikuwa akituangalia tunavyobeba makambale kama anavyotazama watu wanaobeba viatu vya marehemu.

"Mama Josée! Umekuya kuhesabia viboko?"

"Mtoto wangu iko wapi?"

"Njo yule pale, anakokota shetani mwenye ndevu."

Nikatazama. Josée alikuwa juu ya dale, peke yake, wengine walikuwa mbali kidogo kwenye mkondo. Papa Nizigama alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake kwenye mchanga, andazi mkononi, akimwelekeza kwa kidevu. Kamba ilikuwa imekaza, imeingia chini ya dale, na mtoto alikuwa akivuta na kucheka. Nami nikaona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Goti lake moja lilikuwa kavu kabisa. La pili halikuonekana.

Dale ilikuwa imelala upande.

"Josée, toka!"

Akaniinulia mkono wa kunisalimu.

"Josée! Toka pale!"

"Umuache, mukamwana," akasema Papa, "ameshika mukubwa."

Goti lililokuwa kavu likapanda kidogo. Lile lingine likashuka. Nikajua kwamba nikisema shimo, hatasikia. Nikisema hatari, hatasikia. Nilikuwa na neno moja tu ambalo lilikuwa halijatumika, na baba mkwe wangu alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu, akitafuna. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Josée! Uko juu ya choo!"

Sijui mnajua ufuko wetu ulivyo na kelele siku ya kambale. Ulinyamaza. Hata mafuta ya Libérate, naapa, yalipunguza kuchemka. Andazi la Papa Nizigama lilisimama njiani kwenda mdomoni, na lilibaki hapo.

Josée aligeuza kichwa. "Choo gani?"

"Ya zamani! Ile dale ni mufuniko! Usitikisike!"

Aliangalia chini, akaona maji ya chai tu. Nikaona kicheko kinavyomtoka usoni, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mdogo mtoto wangu alinitazama akingoja nimwambie la kufanya. Lakini angeenda wapi? Miiba ilikuwa imemzunguka chini ya maji, mlango aliokuwa ameukata mwenyewe kwenye uzio ili apite kuvua ulikuwa umefunikwa na maji, na upande wowote ambao angekanyaga vibaya, dale ingempindua na kumfunika kama sufuria. Papa alishaanza kuusukuma mtumbwi, mzee yule, lakini mtumbwi ungegonga kuta zilizojificha ndani ya maji. Kulikuwa na njia moja tu ya kufika pale, nayo ilipitia nyumbani kwangu.

Sijui kuogelea. Tangu siku tuliyohama sikuwahi kuingiza hata kidole kwenye maji yale.

Niliingia kwa baraza, kama mtu mwenye heshima zake. Kizingiti. Sebule, sakafu laini, hapa ilikuwa meza, nikapita kando yake ingawa meza iko Kilibula. Mguu ukapata ule ufa ambao Venant alisema ataziba na hakuziba. Nikaubariki ufa ule. Kushoto chumba chetu. Nikashika kushoto, nikaingia kwenye ujia, mabega yakajibana yenyewe kwa mazoea, maana ulikuwa mwembamba. Mto ulikuwa unanisukuma ubavuni na vijiti na majani, lakini nawaambia kweli: pale katikati, hofu iliniacha. Nilikuwa naogopa kila mahali duniani, ila sikuwahi kuogopa nyumbani kwangu. Nilikuwa nakwenda jikoni tu. Nimekwenda jikoni gizani nikiwa na mimba, nikiwa na homa, nikiwa na mtoto mgongoni. Ngazi moja ya kushuka, nikashuka, maji yakanifika kifuani. Jiko. Nikashika ukuta uliobaki, ule wa nyuma, na mtoto wangu alikuwa mbele yangu, hatua mbili tu.

"Achilia ile kamba, unipatie mukono."

"Mama, siwezi. Minye simushike tena. Ni yeye ananishika."

Alikuwa ameizungusha kamba mkononi, kama babu yake alivyomkataza, na kambale alikuwa ameingia shimoni na kujikaza. Mkono wangu haukufika. Basi nikafungua kitenge. Nilikivua pale pale mbele ya watu wote, nikasokota, nikarusha ncha. Nilipoirusha mara ya pili, akaishika.

"Sasa kanyaga kwa sauti yangu. Usirukie. Kuya kama unabeba ndoo ya maji."

Akaja. Hatua ya kwanza, dale ikanguruma. Ya pili, miiba niliyoichomeka mwenyewe ikamchana mapaja, naye akapiga kelele, nikavuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, akanijia kifuani kama alivyonijia siku aliyozaliwa, ameteleza na analia. Nyuma yake dale ilizama. Haikupasuka, haikupiga kishindo. Ilishuka upande upande kama sahani ndani ya beseni, na mapovu makubwa yakapanda, yakapasuka moja moja, yakaisha.

Tulisimama jikoni tumekumbatiana. Kisha Josée akasema sikioni mwangu, kwa sauti ndogo sana:

"Mama. Bado iko."

Kamba ilikuwa bado mkononi mwake, imekaza. Ningemfanya nini mtoto huyo? Nikaishika naye. Ndiyo, anavuta taratibu, kama mtoto anayekuvuta kitenge. Sikujua kwamba unausikia uhai wake wote kwenye kiganja. Tukavuta, tukapumzika, tukavuta, miguu yetu imekaza kwenye msingi wa jiko, mpaka kichwa chake kipana kikatokea kwenye maji ya chai, ndevu zinatapatapa, urefu wake kama mkono wa Venant. Nilicheka. Nilicheka mimi kwanza, kabla yake.

Nilipotoka majini nilikuwa na sketi ya ndani tu, na baba mkwe wangu alikuwa amelipa ziwa mgongo na kuigeukia milima kwa adabu yake yote. Libérate alikuja mbio na kitenge chake, akanifunga, akamkagua Josée mapaja, akahakikisha ni mikwaruzo tu. Kisha akasimama, akashika kiuno, akawageukia watu.

"Magamba!" akasema. "Minye nilisema nini? Magamba!"

Ufuko wote ulilipuka. Kuna waliocheka mpaka wakashikana, na kuna waliokwenda pembeni kutema mate, wakitafakari msimu wao. Papa Nizigama peke yake hakucheka. Alingoja nikae vizuri, ndipo akageuka.

"Mukamwana."

"Papa."

"Ile... kitu. Iko ya siku nyingi?"

"Tuliifunga Josée hajazaliwa, Papa."

Akawaza. Niliziona sahani zote zikipita mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine.

"Basi ilishakuwa udongo," akasema. Akatazama andazi lake, akaling'ata. "Lakini mafuta yake."

Kambale yule hatukumla. Josée alimbeba mpaka juu ya mkondo, mahali mto ulipokuwa umetulia kwenye nyasi, akamwachia aende alikokuwa anakwenda. Hakuna aliyemwambia ni hasara.

Sasa sikieni, maana hiki ndicho nilichokuja kusema. Kama nyumba yako iko chini ya maji, nenda ufukweni uwaonyeshe watu. Sema hapa ni kisima, hapa ni choo, hapa nondo zimesimama. Usichomeke miiba na kwenda kulala. Taja kitu kwa jina lake, mbele ya yeyote, mbele ya mkwe, mbele ya mchungaji. Aibu inapita kwa siku moja ya kucheka. Baada ya siku ile, Libérate aliwaonyesha watu choo chake kilichozama kwa mwiko wa mandazi, na wanawake wengine wakamfuata, mpaka wavuvi wakasema ziwa hili lina vyoo kuliko samaki.

Kesho yake, jua lilipotoka, nilimkuta Papa Nizigama mtoni na Venant, wanachagua mawe makubwa na kuyapanga kwenye mtumbwi. Venant hakuniangalia machoni, wala hakusema lolote kuhusu kanisa. Maji yalikuwa yametulia kidogo. Mzee akapiga kasia polepole, akizunguka nyumba yangu kwa nje, akazipita kuta nilizomwonyesha, akafika nyuma. Akasimamisha kasia. Nikamwona anatafuta neno, anaacha moja, anachukua lingine.

"Mukamwana! Ile choo yako, iko upande gani ya jiko?"

Alilisema. Watu waligeuka, naye hakuwajali.

"Nyuma, Papa! Kidogo kuume! Hapo, hapo!"

Akatupa jiwe la kwanza. Liliingia majini na hatukusikia kitu tena. La pili vilevile, na la tatu. Alirudi kujaza mtumbwi, akaenda tena, na Josée, mapaja yamepakwa dawa ya bluu, alisimama kando yangu bila kuniambia kwamba kwangu kila kitu ni shimo. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma aliponyanyua jiwe moja pana, akaliachia, na kutoka chini ya maji ikasikika sauti ndogo, kavu, ya jiwe kugonga jiwe.

Papa Nizigama akatulia, mkono hewani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Akainama akachukua lingine.